Mmelipia? Basi Kuleni kwa Akili!

Jamani, mapenzi ni matamu, ila bili ya mgahawa yaweza kuyachachusha! Mimi na mume wangu tulipokwenda Walt Disney World, Florida, tulilipia chakula kabla. Mpango huo ulisimama 2020, ukarejea Januari 2024, kwa takriban dola 94 kwa mtu mzima kila usiku.

Ule wa kawaida unakupa, kwa kila usiku unaolala hotelini kwao, mlo mmoja wa kuhudumiwa mezani, mmoja wa haraka na kitafunwa. Siri yetu? Mlo wa mezani tuliupeleka kwenye vyakula vya bei mbaya. Kitafunwa hatukukipoteza kwa maji. Ya barafu hutolewa bure.

Angalia: migahawa mingine inakata milo miwili, bakshishi haimo, na usichokula kinakufa usiku wa manane siku ya kuondoka. Imekula kwako!

Tena, walio kwenye buking moja hununua mpango mmoja. Kama mwenzio ni mtu wa chipsi na soda tu, zungumzeni mapema, mlipie mnachokula.