Danzi, Chumvi na Nyama ya Nguruwe

Mwaka 1493, Christopher Columbus alipovuka bahari mara ya pili kwenda visiwa vya Karibi, merikebu zake zilichukua kutoka Visiwa vya Kanari nguruwe wachache pamoja na mbegu za michungwa na milimau, na kwa njia hiyo mnyama na tunda, ambao wote wawili walikuwa wageni katika Amerika, wakaingia jiko moja. Hata leo wapishi wa Yucatán, nchini Meksiko, huiroweka nyama ya nguruwe katika maji ya danzi na mbegu nyekundu za mzingefuri, kisha huifunga kwa majani ya mgomba na kuioka shimoni. Nao watu wa Kuba hutumia danzi lilo hilo kwa kitunguu saumu, bizari nyembamba na mafuta.

Aghalabu watu hudhani kwamba ukali wa tunda hupenya hadi mfupani na kuilainisha nyama yote. Asidi ya sitriki, ambayo Carl Wilhelm Scheele, mkemia wa Uswidi, aliitenga katika maji ya limau mwaka 1784, huzifumua protini za nyama zilizojikunja, nazo zikashikamana upya kwa namna nyingine, hata pande la nyama likageuka jeupe mfano wa lililopikwa, ilhali halijaona moto. Lakini taathira hiyo ni ya juu juu, kwani katika muda wa saa kadhaa asidi haivuki milimita chache. Fauka ya hayo, ina tabia ya ajabu: nyama mbichi ina pH ya takriban 5.6, na ikishushwa kidogo, hadi kukaribia 5, uwezo wake wa kushika maji hupungua kabisa. Ikishushwa zaidi ya hapo, nyuzi husukumana, zikavimba na kuyapokea maji tena. Nyama ikiachwa usiku kucha katika maji ya ndimu matupu, ambayo pH yake ni kama 2, huwa tepetepe nje, na ndani ikabaki vile vile ilivyokuwa.

Chumvi ndiyo msafiri hodari, nami singeiacha kwa lolote. Kwa kilo moja ya nyama iliyokatwa vipande vyembamba, yatosha maji ya madanzi mawili, au ya chungwa moja na ndimu moja, kijiko kidogo kimoja na nusu cha chumvi, kitunguu saumu kilichopondwa, na vijiko viwili vya mafuta ya kupikia. Ganda la tunda likwanguliwe juu tu, pasipo kuufikia weupe wake ulio mchungu, maadamu harufu imo katika limonene ya ganda, nayo huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Bakuli liwe la kaure au la kioo, kwa kuwa asidi huila aluminiamu. Saa mbili hadi nne zatosha. (Wale ambao nyama hii ni haramu kwao watumie kuku; kanuni haibadiliki.)

Wala asidhani mtu kwamba ndimu huua mabuu ya tegu yaliyomo nyamani. Kazi hiyo ni ya moto, na katikati ya nyama pafike nyuzi 71 za Selsiasi. Nayo maji yaliyosalia bakulini yachemshwe barabara kabla ya kumwagwa juu ya chakula.