Mbona Mshono Unaonekana? Somo Dogo kwa Wanaochora kwa Kompyuta

Kila mwisho wa muhula vijana wetu wa uhandisi na usanifu majengo, wa Riyadh na wa Jeddah, huulizana swali lile lile: umbo kwenye skrini limekaa vizuri kabisa, mbona mwalimu kalikataa? Kawasha kipimo cha mng'ao, kaonyesha mshono, basi, maksi zimekwenda. Nimeona nilieleze kwa Kiswahili, maana vitabuni limejaa hesabu tupu.

Tuanze barabarani. Barabara nyoofu inakutana na kona iliyokatwa kwa duara. Mwelekeo haujavunjika popote, lakini dereva angetakiwa kuzungusha usukani papo hapo, kutoka sifuri mpaka pale kona inapotaka. Haiwezekani! Ndiyo maana wajenzi wa reli na barabara kuu huweka kipande cha kati ambacho mkunjo wake unaongezeka kidogo kidogo.

Nyuso za kompyuta nazo ni hivyo hivyo. G0 maana yake kingo zinagusana tu, kama kuta mbili kwenye pembe ya chumba. G1, mwelekeo unalingana mpakani. G2, mkunjo nao unalingana. Ipo na G3, hiyo waachie wenye magari ya kifahari. Wengi wetu tunaishia G1 bila kujua, kwa sababu amri ya kuviringisha kona kwa kawaida hukupa tao la duara, na tao la duara likikutana na uso bapa, mkunjo unaruka kutoka sifuri hadi 1 gawanya kwa nusu kipenyo.

Sasa jicho haliuoni mkunjo wenyewe, linaona mng'ao. Hivyo programu nyingi zina kipimo cha milia kama ya punda milia. Milia ikikatika na kuhama mpakani, hiyo ni G0. Ikishikana lakini imevunjika kama kiwiko, G1. Ikipita bila kushtuka, umefika G2.

Dawa iko kwenye pointi za kudhibiti uso. Safu ya kwanza hukaa mpakani, ya pili hutawala mwelekeo, ya tatu mkunjo. Ukishalinganisha, safu tatu za kila upande usiziguse tena. Na jamani, punguzeni pointi! Watu hudhani pointi nyingi ndio ustadi, kumbe uso uliosongwa na pointi huota mawimbi. Hesabu hizi zilitoka viwanda vya magari vya Ufaransa, kwa Paul de Casteljau wa Citroën kuanzia 1959 na Pierre Bézier wa Renault miaka ya 1960. Bati lililopakwa rangi halifichi kitu.

Ukiwa Riyadh, nenda kituo cha metro cha KAFD, kazi ya ofisi ya Zaha Hadid (metro yenyewe ilianza kubeba abiria Desemba 2024). Umbo lake limetokana na mawimbi ya sini, na wimbi la sini ni laini kila mahali. Simama pembeni jua likiwa chini, ufuate kivuli kwa macho.

Jeddah kuna somo lingine. Jengo la Mahujaji la uwanja wa ndege, lililofunguliwa 1981 na ambalo Fazlur Khan wa SOM alishiriki kulibuni, lina mahema 210, kila moja mraba wa mita 45. Ulaini wa kitambaa kile unatokana na kuvutwa kila upande. Kikilegea tu, makunyanzi. Lakini hema linapokutana na jirani yake, mstari unaonekana waziwazi. Hiyo ni G0, nayo imewekwa makusudi, kwani pale ndipo penye kebo inayobeba mzigo. Kwa hiyo usilazimishe G2 kila mahali. Mshono wenye kazi uache, uandike kwenye ripoti unafanya kazi gani, kabla mwalimu hajauliza.