Kuzuia Unakili wa Programu katika Vyumba vya Kompyuta

Kitabu kikiibwa maktabani, rafu hubaki na pengo. Programu ya kompyuta ikinakiliwa, ya asili hubaki palepale, wala hapana aonaye kwamba kitu kimechukuliwa. Hapo ndipo ulipo ugumu wa jambo hili.

Ugomvi wenyewe si wa jana. Tarehe 3 Februari 1976 Bill Gates aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta wa Marekani, akilalamika kwamba wengi wao waliitumia programu yake ya BASIC pasipo kuilipia. Baadaye Mapatano ya TRIPS ya mwaka 1994, katika ibara ya 10, yaliipa programu ulinzi uleule wa kazi za uandishi.

Katika chumba cha chuo, njia ya kwanza ni kumpa kila mwanafunzi jina na neno lake la siri, aweze kutumia programu zilizomo lakini asiweze kuingiza nyingine. Njia ya pili ni kuhesabu leseni. Tuseme chumba kina kompyuta 40, na chuo kimenunua leseni 10 za programu ya kuchora majengo. Programu huwekwa katika kompyuta zote. Lakini kila ifunguliwapo, huomba ruhusa kwa kompyuta moja itunzayo leseni. Mtu wa kumi na moja hungoja mpaka mmojawapo wa waliotangulia aifunge. Nakala iliyochukuliwa nyumbani, isipoifikia kompyuta hiyo, haifunguki. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na hapa daftari limepatikana.

Walakini hapana kufuli lisilovunjika, na programu iliyovunjwa kufuli mara nyingi huja na virusi, vikaharibu kazi za wengi. Tena yafaa kumtazama mwanafunzi mwenyewe. Chuo kikimfundisha kwa programu asiyoweza kuinunua, kisha kikafunga mlango jioni na kumtaka alete kazi asubuhi, kimemwelekeza kwenye wizi.

Basi njia ya tatu ni kuchagua, kila iwezekanapo, programu ambazo leseni zake zenyewe huruhusu kunakili, kama vile LibreOffice kwa maandishi na R kwa takwimu. Hizo mwanafunzi huzichukua mchana kweupe. Na pale isipopatikana ila ya kulipiwa, hapana budi chuo kinunue, kihesabu, na kuongeza saa za kufungua chumba.