Baa, korona na bili waliyolipa wasiokunywa

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba majuto ni mjukuu, huja kinyume. Methali hiyo nimeifunza darasani kwa zaidi ya miaka ishirini, nikiwataka wanafunzi wangu waikamilishe, waieleze na kuitungia insha. Ilinibidi ningoje hadi mwaka 2020 ili nami nitahiniwe. Leo, baada ya janga la korona kupoa na watu kurejea katika shughuli zao kana kwamba hapakutokea lolote, naona ni wajibu wangu kuwasimulia walimu wenzangu, na wanafunzi pia, jinsi usiku mmoja ndani ya baa hapa Eastlands ulivyonifunza somo ambalo halimo katika silabasi yoyote.

Tukumbushane kwanza. Mnamo Machi 13, 2020, Waziri wa Afya wakati huo, Bw Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona alikuwa amepatikana nchini. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliagiza shule zifungwe. Machi 22 ikatangazwa amri ya kufunga baa, na Machi 27 ikaanza kafyu ya kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aprili 6 Nairobi na viunga vyake vikatengwa na sehemu nyingine za nchi. Wasafiri wakakatazwa kuingia au kutoka.

Asiyekulia Eastlands huenda akauliza: kwani ni lazima watu waende baa? Swali hilo ni jepesi kwa mwenye sebule. Mitaa kama vile Ziwani na Makongeni ilijengwa zama za ukoloni kwa ajili ya vibarua na watumishi ambao mkoloni hakutarajia wawe na familia mjini. Vyumba vilikuwa vidogo, na mazungumzo ya wanaume yakatafuta mahali pengine. Katika miaka ya 1920 serikali ya manispaa ilifungua ukumbi wa pombe Pumwani, ikajitwalia peke yake haki ya kuwauzia Waafrika pombe ya kienyeji, na faida yake ikatumiwa kugharimia huduma za Waafrika hao hao. Tangu hapo, kila mtaa uliojengwa, uwe Jericho, Buruburu, Umoja au Kayole, haukukosa baa yake karibu na maduka. Humo ndimo harambee za matanga hupangwa, ndimo kijana asiye na kazi husikia kwamba kuna kibarua mahali fulani, na ndimo mwalimu hukopa nauli mwezi unapopinda.

Basi amri ilipotolewa, baa nyingi hazikufungwa. Zilifunga mlango wa mbele tu. Nyingine ziligeuka mikahawa ghafla bin vuu. Sahani ya chipsi ililetwa mezani mwanzo wa jioni, ikakaa pale hadi mafuta yakaganda, nayo kazi yake ilikuwa kumthibitishia askari kwamba wateja wamo katika kula. Baa tuliyoizoea mimi na wenzangu wanne ilikuwa na njia ya uani, kupitia jikoni. Madirisha yalitundikwa mablanketi ili mwanga na sauti visitoke nje.

Watatu kati yetu tuliajiriwa na serikali, na mishahara yetu iliendelea kuja ingawa shule zilikuwa zimefungwa. Wa nne alifunza katika shule ya kibinafsi, na tangu Machi hakuwa amepokea hata senti. Mkewe na watoto walikuwa mashambani, naye amefungiwa mjini katika chumba kimoja huko Umoja. Wa tano alikuwa fundi wa magari. Tulijiambia kwamba tukimwalika mwenzetu yule na kumnunulia chupa mbili tatu, tunamwokoa na upweke. Sitaki kulidharau jambo hilo. Upweke ulikuwapo, na ulimdhoofisha kwa namna tuliyoiona kwa macho. Lakini nia njema haitakasi hewa ya chumba.

Usiku ninaoutaja ni wa Alhamisi, Juni 25, 2020. Ligi Kuu ya Uingereza ilikuwa imeanza tena wiki moja awali, na Chelsea ilikuwa inakutana na Manchester City. Kama City ingeshindwa, Liverpool ingetawazwa bingwa baada ya kungoja miaka thelathini. Mchezo ulianza baada ya saa nne usiku kwa saa zetu, ilhali kafyu wakati huo ilianza saa tatu. Kila aliyeingia alijua kwamba hatatoka hadi saa kumi alfajiri. Tulikuwa kama watu thelathini katika chumba ambacho kingetosha darasa la wanafunzi kumi na watano, mablanketi madirishani, mlango umekomewa. Barakoa zilikuwapo, ila zilikuwa zimeteremshwa kidevuni, kwa maana hapana anywaye bia akiwa amefunika mdomo. Chelsea iliposhinda, tuliimba, tukakumbatiana na kupigiana kelele masikioni. Kisha tukalala vitini hadi kafyu ikaisha.

Naomba msomaji atue hapa, atafakari kilichokuwa kikitendeka. Mtu anapopumua hutoa chembechembe ndogo mno za majimaji. Anapozungumza hutoa nyingi zaidi, na anapoimba au kupiga kelele huzidi kuzimimina. Zilizo kubwa huanguka chini upesi, bali zilizo ndogo huelea hewani kama moshi wa sigara, na katika chumba kisichopitisha hewa huweza kukaa muda mrefu. Mwenye virusi vya korona aliweza kuwaambukiza wenziwe siku mbili hivi kabla ya yeye mwenyewe kuhisi homa. Kwa hivyo ule ukaguzi wetu wa kutazamana usoni na kusema, "Huyu ni mzima," haukuwa na maana yoyote. Kunawa mikono mlangoni kulifaa, lakini hakukuisafisha hewa tuliyoivuta kwa saa sita.

Ushahidi ulikuwa umekwisha kupatikana ng'ambo. Machi 10, 2020, katika jimbo la Washington nchini Marekani, watu 61 walihudhuria mazoezi ya kwaya. 53 kati yao wakapatikana au wakashukiwa kuwa wameambukizwa, na wawili wakafariki. Mwezi Mei mwaka huo huo, katika vilabu vya usiku vya mtaa wa Itaewon mjini Seoul, Korea Kusini, ulizuka mkurupuko uliohusishwa na visa zaidi ya 200. Wengi miongoni mwa hao hawakuwahi kukanyaga kilabuni; waliletewa ugonjwa nyumbani na kazini na waliokwenda.

Hapa kwetu mambo yalitatanishwa na waliotarajiwa kutuongoza. Mwezi Aprili 2020 Gavana wa Nairobi wakati huo, Bw Mike Sonko, alitangaza kwamba vifurushi vya chakula vya maskini vitatiwa vichupa vya Hennessy, eti viwe dawa ya kusafisha koo. Watengenezaji wenyewe wa kinywaji hicho wakajitokeza kueleza kwamba kunywa pombe hakumkingi mtu na virusi hivyo. Hata hivyo, nilisikia hoja hiyo ikirudiwa mezani kwetu kwa mzaha ambao ulikuwa nusu imani. Mwezi Julai, Bw Johnson Sakaja, seneta wa Nairobi wakati huo na mwenyekiti wa kamati ya Seneti iliyoshughulikia korona, alikamatwa katika baa mtaani Kilimani saa za kafyu. Aliomba radhi, akajiuzulu uenyekiti na kutozwa faini ya Sh15,000.

Fauka ya hayo, kulikuwa na machungu dhidi ya polisi. Machi 30, 2020, Yassin Moyo, mvulana wa miaka 13, aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao mtaani Kiamaiko, askari walipokuwa wakitekeleza kafyu. Baada ya hapo, wengi wetu tuliona kwamba kuikiuka kafyu ni aina ya ushujaa. Hasira yetu ilikuwa ya haki. Kosa letu lilikuwa kuchanganya mambo mawili: tulimkasirikia askari, tukadhani kwamba tukimhepa askari tumeuhepa ugonjwa.

Sasa nifike pale ambapo kalamu yangu husita. Mwezi Machi baba yangu, mtumishi mstaafu wa reli, alikuja kwangu Jericho kutoka Butere ili aonane na daktari wa shinikizo la damu. Alikusudia kukaa wiki tatu. Nairobi ikafungwa, naye akazuiliwa humu pamoja nasi katika nyumba ya vyumba viwili. Baba hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Alfajiri ile niliporudi, nikinyata ili nisiamshe watoto, ni yeye aliyenifungulia mlango. Hakuwa amelala. Aliniuliza, "Umerudi salama, mwanangu?" Nikamjibu, "Salama, baba." Akanipikia chai, tukainywa pamoja sote wawili tukiwa tumeinama juu ya meza ndogo.

Jumapili yule mwenzetu fundi alipatwa na homa, akasema ni malaria. Kufikia Jumatano watatu kati yetu walikuwa wakikohoa. Mimi sikuumwa kitu, isipokuwa nilishangaa kwamba mafuta ya taa yalimwagika jikoni na sikuyasikia harufu. Mwanzoni mwa Julai baba akaanza kupumua kwa shida. Julai 6 Rais aliondoa marufuku ya usafiri. Siku hiyo baba alikuwa ameingoja kwa miezi mitatu, kila asubuhi akiuliza habari za barabara ya Butere. Ilipofika, alikuwa kitandani hospitalini na mpira wa oksijeni puani. Kabla ya mwezi kwisha tulimzika, na waliolishusha jeneza ni watumishi wa afya waliovalia mavazi meupe, si wanawe.

Hakuna daktari aliyeniambia kwamba ni mimi niliyempelekea ugonjwa, na hakuna awezaye kuapa. Mke wangu alikuwa akienda sokoni, watoto walikuwa wakicheza nje. Huenda ilikuwa hivi, huenda ilikuwa vile. Lakini najua nilikokuwa, na najua nilivyomjibu niliporudi. Nilimwambia "salama" ilhali sikuwa na njia ya kuujua usalama wangu. Naam, hiyo ndiyo hoja yangu yote. Tulipokuwa tukibishana kuhusu baa, tulisema kila mtu ana haki ya kuhatarisha maisha yake apendavyo. Tulisahau kwamba ugonjwa wa kuambukiza haumwulizi mtu kama naye alikuwapo. Bia niliinywa mimi, na bili ikapelekwa kwa mtu ambaye hakuwa mezani wala hakushauriwa.

Naomba nieleweke. Siandiki ili kuwahukumu wenye baa. Wahudumu walifutwa kazi kwa maelfu bila fidia, na wamiliki waliendelea kudaiwa kodi. Baa zilifunguliwa tena mwishoni mwa Septemba 2020, zikafungwa upya Machi 2021 katika Nairobi na kaunti nyingine nne, kisha zikafunguliwa Mei. Kafyu ilikomeshwa Oktoba 20, 2021. Wala sisemi kwamba kufunga mlango kwa amri kulitosha. Tumeona kwamba amri isiyoeleweka ilitutoa barazani penye upepo na kutuingiza katika chumba chenye mablanketi. Laiti tungeelezwa mapema kwamba adui ni hewa iliyofungiwa, pengine wengine wetu tungekaa uani, wachache, kwa muda mfupi, kisha tukarudi nyumbani kwetu mchana.

Hapa ndipo mwalimu anapoingia. Kenya ilithibitisha vifo zaidi ya 5,600 vya korona, na Mei 5, 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura ya kimataifa imekwisha. Lakini kifua kikuu, ambacho nacho husambaa kwa njia ya hewa, hakijatangaziwa mwisho. Kingali kinawaandama watu katika mitaa yetu ya vyumba vilivyosongamana, katika matatu zilizofungwa madirisha, na ndiyo, katika baa. Mafunzo ya mwaka 2020 hayajapitwa na wakati.

Walimu wenzangu, tuwafunze vijana jambo hili kwa vitendo. Tufungue madirisha ya darasa hata asubuhi ya baridi ya Julai, tuwaeleze kwa nini. Tuwazoeze kusema "naumwa" bila kuona haya, na tusimwadhibu mwanafunzi aliyekaa nyumbani kwa sababu anakohoa. Nanyi wanafunzi, siku mtakapokuwa watu wazima na kuwa na baa zenu au mahali penu pa kukutania, kumbukeni kuhesabu vizuri. Mkiwa watano mezani, hamko watano. Hesabuni na wale watakaowafungulieni mlango.

Mimi bado hupita nje ya baa ile nikitoka kazini. Mablanketi yaliondolewa zamani, na jioni husikia vicheko kupitia madirisha yaliyo wazi. Siwaonei kijicho walio ndani. Wakati mwingine huingia, nikaagiza soda, nikaketi karibu na dirisha. Na nifikapo nyumbani nikiwa na mafua, hubisha hodi, nikasimama nje kwanza, nikasema kweli.