Je, Wajua? Kocha wa Gofu Hupimwa kwa Wanafunzi Wake

Je, wajua kuwa mchezaji wa gofu anaweza kupunguza mikwaju kadhaa baada ya somo moja, na kocha asiwe na mchango wowote? Wengi humwendea kocha mchezo unapowaharibikia kabisa, na baada ya siku mbaya mno, kiwango cha kawaida mara nyingi hurudi chenyewe. Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton aliichambua kanuni hii ya matokeo yaliyopita kiasi kurudi karibu na wastani mwaka 1886, alipolinganisha urefu wa wazazi na wa watoto wao.

Kipimo cha haki zaidi ni handikapu, yaani namba inayoonyesha kiwango cha mchezaji. Tangu mwaka 2020, Mfumo wa Handikapu wa Dunia huangalia raundi 20 za karibuni za mchezaji na kutumia wastani wa matokeo 8 yaliyo bora. Siku moja ya bahati haitoshi kuubadili sana wastani huo.

Basi kabla ya kulipa ada, usiishie kuuliza kocha ameshinda vikombe vingapi. Uliza wanafunzi wake walianza na handikapu gani na mwaka mmoja baadaye walifikia ipi. Wahesabiwe wote, hata waliokata tamaa wakaacha.