Karatasi ya Nyumba Namba Saba

Ploti yangu ya Naro Moru ina vyumba 12, hatua chache kutoka barabara ya Nyeri kwenda Nanyuki. Kwa miaka mingi nilidhani kumbukumbu yangu inatosha. Kisha nikamdai mpangaji wa namba saba kodi aliyokuwa ameshalipa kwa M-Pesa, kupitia simu ya kaka yake. Alinionyesha ujumbe huku macho yamejaa machozi. "Mama, nilikutumia tarehe tatu."

Sasa kila mwisho wa mwezi nampa kila mpangaji taarifa yake. Juu kabisa huwa deni la mwezi uliopita, tuseme 1,200. Chini yake naandika kodi 6,000, maji yuniti 4 kwa shilingi 100, yaani 400, na taka 150. Jumla 7,750. Halafu malipo, kila moja kwa tarehe yake na namba ya muamala: 5,000, kisha 2,000. Deni lililobaki ni 750, na hilo ndilo linalofungua ukurasa wa mwezi unaofuata.

Dipoziti haiingii humo. Ni pesa ya mpangaji niliyoishika tu, ina ukurasa wake.

Usomaji wa mita ya maji naufanya mpangaji akiwepo, tuone namba pamoja. Hapo ndipo ugomvi mwingi huzaliwa, hasa wakati wa kiangazi mito ya mlimani ikipungua.

Daftari hilohilo hunisaidia kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya: tangu Januari 2024 kodi ya mapato ya upangaji ni asilimia 7.5, nayo hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Yule wa namba saba bado yupo. Karatasi zake amezibana pamoja, nyuma ya mlango.