Je, Wajua? Damu Inayomshinda Nguvu Mdudu wa Malaria

Je, wajua kwamba ndugu wawili wa baba na mama mmoja, wanaolala chumba kimoja na kuumwa na mbu wale wale, wanaweza kuugua malaria kwa namna tofauti kabisa? Mmoja hulazwa hoi, damu imemwishia. Mwingine hupata homa, akanywa dawa, kesho kutwa yuko uwanjani. Sehemu ya siri hiyo imo katika vinasaba walivyorithi.

Mwaka 1949, Anthony Allison, mwanafunzi wa udaktari wa Oxford aliyekulia Kenya, alizunguka nchini humo akikusanya damu za watu wa jamii mbalimbali. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria aliwakuta zaidi ya watu 20 katika kila 100 wana kinasaba cha selimundu, yaani siko seli. Nyanda za juu hawakufika hata mmoja katika 100. Kinasaba kinachoua watoto kingeeneaje kiasi hicho? Allison aligundua kwamba kimejaa palepale palipojaa malaria, na mwaka 1954 akachapisha ushahidi kuwa kinawakinga wanaokibeba.

Kosa lenyewe ni la herufi moja tu ya DNA, katika maelekezo ya kutengeneza himoglobini. Aliyerithi kosa hilo kwa mzazi mmoja huishi kama watu wengine, na mara nyingi hajui kama analo. Kimelea cha malaria kikishaingia ndani ya seli yake nyekundu, seli ile hujipinda kwa urahisi, bandama ikaikamata na kuiteketeza pamoja na mgeni wake. Homa anaweza kuipata, lakini hatari ya malaria kali, ile ya degedege na kupoteza fahamu, hupungua kwa takriban asilimia 90.

Aliyerithi kwa wazazi wote wawili ndiye mgonjwa wa selimundu. Wapo wanaoamini kwamba naye hadhuriwi na malaria. Imani hiyo ni ya hatari: kwake malaria ni miongoni mwa maradhi yanayoua haraka, na lazima akingwe nayo kwa chandarua na dawa.

Je, wajua kuhusu Dantu? Ni aina ya damu iliyo nadra mno duniani, lakini Kilifi, pwani ya Kenya, karibu mtu mmoja kati ya 10 anayo. Mwaka 2020 watafiti walieleza inavyofanya kazi: utando wa seli zake nyekundu umekaza kama ngozi ya ngoma iliyowambwa vyema, na kimelea hushindwa kupenya.

Kilifi hiyo hiyo ndiko kulikotoka jambo ambalo mimi naliona la ajabu kuliko yote. Watu wengi wa Pwani hubeba alfathalasemia, hitilafu nyingine ya himoglobini ambayo nayo hupunguza malaria kali. Ungedhani mwenye hiyo pamoja na kinasaba kimoja cha selimundu amejihami mara mbili. Mwaka 2005, mtafiti Thomas Williams na wenzake walionyesha kinyume chake: kinga hizo zikikutana katika mwili mmoja hubatilishana, na mtoto hubaki karibu sawa na asiye na yoyote.

Afrika Magharibi na ya Kati, karibu watu wote hawana alama ya damu iitwayo Duffy, mlango ambao malaria aina ya vivax huutegemea. Ndiyo maana aina hiyo ni adimu huko.

Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Wazazi wao wengi walikuwa wazima, kila mmoja amebeba kinasaba kimoja bila kujua. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa. Wewe na mwenzako mnaopanga kupata mtoto, nendeni mkapime himoglobini zenu mapema.